Kipimo cha Tarehe Kumi na Nne

Namba zilipoingia nilidhani simu imechanganyikiwa.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, miguu kwenye pedali, na simu ya kikundi ikining'inia kwenye msumari wake katikati ya baraza. Ikalia. Mafundi sita tukainua vichwa kwa pamoja kama kuku waliosikia mtama unamwagwa, maana oda ikiingia kila mtu anaomba iwe yake. Ilikuwa yangu. Mteja, Mwalimu Nyamizi Kasanda wa Ipuli, hapa hapa Tabora. Kitambaa, lesi yadi sita, rangi ya damu ya mzee. Mshono, gauni refu la mama wa bibi harusi, mikono ya kubana, bitana ndani. Shughuli, sendofu ya kumuaga binti yake Kabula, tarehe kumi na nne Agosti. Wakati huo ilikuwa Aprili, mvua ndiyo kwanza zinaaga.

"Zamda, leo umepata mtu wa nyumbani," akanitania Mzee Sizya, mwenyekiti wetu, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu. "Huyo ndiye aliyemchapa mwanao hesabu mpaka akazijua."

"Afadhali mwanangu alichapwa akajua. Wewe ulichapwa bure."

Baraza zima likacheka. Nikafungua ukurasa wa vipimo huku bado nacheka, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Kwa asiyeijua kazi yetu nieleze. Zamani mtu alikuja kupimwa mwezi wa nne kwa ajili ya harusi ya mwezi wa nane. Siku ikifika zipu haifungi, au gauni linamning'inia, na mwongo ni nani? Ni fundi. Programu ya Itakukaa ndiyo iliyoimaliza vita hiyo. Mteja anasimama mbele ya kioo chumbani kwake, simu inampima. Halafu inaendelea kumsoma kimyakimya. Saa ya mkononi inajua moyo unavyopiga, mkeka wa mlangoni unajua uzito, duka linajua anakula nini na ameacha kula nini. Mteja mwenyewe haoni namba yoyote, anaona neno moja la kijani: ITAKUKAA. Sisi mafundi ndio tunaoletewa safu mbili. Ya kwanza imeandikwa LEO. Ya pili imeandikwa SIKU, na hiyo ndiyo tunayokatia kitambaa.

Na haikosei. Miaka tisa sijarudishiwa nguo hata moja.

Sasa nikasoma. Mzunguko wa mkono wa juu, LEO inchi kumi na tano, SIKU inchi kumi na nusu. Kifua arobaini na nne, SIKU thelathini na nane. Nyonga arobaini na sita, SIKU arobaini. Nikajisemea, haya, Mwalimu anajikondesha, wamama wa sendofu wote hujikondesha. Kisha nikafika kiunoni. LEO thelathini na tisa. SIKU arobaini na tatu.

Mikono inaisha, tumbo linaongezeka. Kwa mwanamke wa miaka sitini na moja hiyo si mimba, jamani. Nikaweka kikombe chini.

Pale barazani hatuna faragha ya kuongea. Simu ya kikundi inasikiliza saa zote za kazi, wenyewe wanasema ni kwa ajili ya ubora wa huduma. Siku tuliyojiunga kila fundi aliweka dole gumba kwenye kioo akasoma kwa sauti: nitashona nilichopewa, sitauliza, sitaeleza. Mmoja akieleza, kikundi kizima kinafungwa. Kwa hiyo tumejifunza kuongea kwa chaki. Meza ya kukatia ni nyeusi kwa miaka ya mafuta ya pasi, ukiandika panasomeka, ukipitisha kiganja panafutika.

Nikaandika zile namba. Sizya akainama kama anayetafuta sindano, akasoma. Akaandika: MALONGO.

Nikafuta jina hilo haraka.

Bwana Malongo alikuwa wakala wa asali. Mwaka juzi nilimshonea suti ya Krismasi. Namba zake za SIKU zilikuwa ndogo kuliko za LEO kila mahali, nikadhani ni ile mitindo ya vijana ya kufunga siku tatu. Nikakata, nikashona, nikatuma. Krismasi aliivaa akiwa ameketishwa kwenye kiti, ikamkaa barabara, mkewe akatupa nyota tano na kuandika kwamba fundi huyu ana mikono ya dhahabu. Pasaka tukamzika nayo. Nilisimama kaburini nikisikia watu wakinong'onezana jinsi marehemu alivyopendeza, na mimi ndiye niliyelijua bega lake tangu mwezi wa tisa. Tangu siku ile sipendi kusifiwa.

Sizya akashika chaki tena. Aliandika taratibu, herufi kubwa, kama anayemwandikia mtoto: USISEME. TUKO SITA.

Nilitaka kumchukia lakini sikuweza. Kabla ya Itakukaa tulikuwa tunakaa barazani hapa tunaota jua. Siku hizi hakuna anayeingia kwa miguu, mtaa mzima watu wananunua wakiwa kitandani kwao. Programu ndiyo inayotuletea wateja wa Mwanza, wa Lubumbashi, wa Maskati. Hawa Chiku amejenga nyumba kwa cherehani ile ile iliyokuwa imeota kutu. Sizya mwenyewe ana mke anayesafishwa figo mara tatu kwa wiki, na kila anaposafishwa anasafishwa kwa kazi ya baraza hili. Ukiifunga simu ile, umefunga mlango wa nyumba sita.

Nikapitisha kiganja mezani. Vumbi la chaki likabaki kwenye mistari ya mkono wangu mpaka jioni.

*

Nililikata gauni kwa namba za SIKU. Ningefanyaje? Ukishamaliza unapiga picha, Mratibu anazikagua kwa nukta. Mratibu ndiyo ile sauti ya kike ndani ya simu, pole na laini, ambayo hujawahi kuisikia ikikohoa.

Lakini picha zinapigwa nje tu. Ndani hakuna anayechungulia.

Marehemu mama, aliyenifundisha kazi, hakuwahi kumaliza mshono bila kuacha akiba. Upana wa vidole viwili ndani ya mshono, ili mtu akinenepa aachiwe. Itakukaa inakataza. Akiba isizidi upana wa ukucha, kwa sababu mwili wa siku hiyo unajulikana na akiba inaharibu mkao. Mimi nikaacha vidole vinane. Lesi yote ya Mwalimu, yadi sita kamili, sikutupa hata kipande cha kufutia mafuta ya cherehani. Iliyozidi niliikunja ndani, tabaka juu ya tabaka, ubavuni, kwapani, kwenye mikono, nikaibana kwa sindano ya mkono na kuifunika na bitana.

Kwa nini? Sijui hata leo kama naweza kujibu vizuri. Nilikuwa nataka kitambaa chake kiwepo. Kama mkono wake utabaki inchi kumi na tano, basi gauni liwe na pa kuachiwa. Nilishona huku nikiwa na hasira, nikiuvuta ule uzi kama nagombana na mtu.

"Bi Zamda," Mratibu akasema siku ya tatu, "muda wako wa kazi umezidi wastani kwa saa kumi na moja. Je, kuna changamoto?"

"Lesi inateleza."

"Asante kwa maelezo. Hongera kwa uvumilivu."

Gauni likaingia kwenye mfuko wa kampuni, ule wenye kufuli lisilofunguka mpaka zibaki siku tatu kabla ya shughuli. Mfuko ukaenda Ipuli. Nikasema basi, limetoka mikononi mwangu.

Wapi! Wiki moja baadaye, Jumapili mchana, nikajikuta niko kwenye geti la Mwalimu. Simu yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani ndani ya pipa la unga. Nimeyapanga maneno njia nzima: Mwalimu, nenda hospitali, usiniulize nimejuaje. Maneno matano tu.

Nikamkuta sebuleni na wanawake wanane wa kamati wanajaribu mapigo ya ngoma kwenye masufuria. Kabula, bibi harusi mwenyewe, anawamiminia chai.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama Idi! Karibu, karibu! Jamani, huyu ndiye fundi wa gauni langu, ninyi mtajuta mlivyopeleka vitambaa vyenu Dar." Akanishika bega, akanizungusha kama anayeonyesha shati jipya. "Eti mwanao yuko wapi siku hizi? Bado anajua kugawanya?"

"Bado, Mwalimu. Umemtia adabu ya maisha."

Ukutani kwake kulikuwa na kioo kirefu cha Itakukaa, kimewashwa, taa yake ya kijani inawaka. Mkononi amevaa saa yao. Nikamtazama usoni. Alikuwa mzima, anacheka, ana sauti ya kufukuza mbuzi mtaa wa pili. Nikajiuliza, nikimwambia nikawa nimekosea? Nikimwambia mbele ya mtoto wake? Na kioo kile kikinisikia?

"Nilikuwa napita tu," nikasema. "Nikaona niwasabahi."

Nikanywa chai yao. Nikala na maandazi mawili. Wallahi nilijiona mtu wa hovyo kuliko wote waliozaliwa.

*

Alikuja mwenyewe Jumanne ya wiki ya tano tangu gauni liondoke. Nilimwona akitokea kona ya duka la vifaa vya baiskeli, amekumbatia kifurushi, anatembea ule mwendo wa walimu wanapokwenda kumtoa mtu darasani. Miaka mingi sijaona mteja akija barazani kwa miguu yake. Hawa Chiku akasimamisha cherehani. Wengine nao wakasimamisha.

Hakunisubiri nimwamkie.

"Zamda, umekula kitambaa changu!"

Mfuko wa kampuni alikuwa ameuchana kwa kisu cha jikoni, kufuli bado linaning'inia upande mmoja. Akautupa mezani, akalitoa gauni akalitandaza mbele ya watu.

"Kamati walitaka kuona rangi ili wachague vilemba. Nikasema nifungue, kwani nimeiba? Nikalijaribu. Mkono haupiti kwenye kiwiko! Kifuani halifungi! Halafu tumboni umenifanya gunia. Mikononi mtoto wa chekechea, tumboni gunia la mkaa! Nimekutumia yadi sita, Zamda, nimezipima mwenyewe kwa mkono wangu, na hapa nikikadiria sioni hata yadi nne. Ziko wapi nyingine? Umemshonea nani?"

Nikaushika ule mkono wa gauni, nikauachia.

"Na mimi nilikusifia mbele ya kamati nzima," akasema, na sasa sauti yake ikashuka, na hapo ndipo iliponiuma. "Nimemfundisha mtoto wako."

Simu ikalia msumarini. "Mteja mpendwa, Mwalimu Nyamizi," Mratibu akasema kwa upole, "tunasikitika kusikia hukuridhika. Mfuko wako umefunguliwa kabla ya tarehe. Tunakuhakikishia kwamba siku ya shughuli itakukaa."

"Nyamaza wewe, sijaongea na wewe!" Mwalimu akaijibu simu. Kisha kwangu: "Nasubiri."

Kuitwa mwizi wa kitambaa ni tusi kubwa kuliko yote katika kazi hii. Mama yangu alikaa miaka arobaini kwenye cherehani bila kuitwa hivyo. Na ushahidi wangu ulikuwa pale pale, chini ya bitana, yadi zote sita. Ningegeuza gauni ndani nje, ningesafishika mbele ya mtaa mzima. Lakini nikiligeuza, Mwalimu wa hesabu ataniuliza swali moja tu: kama kitambaa kilikuwepo, kwa nini ulishona kidogo?

Nikasikia chaki. Sizya alikuwa ameinama upande wa pili wa meza, mkono wake umejificha nyuma ya pasi. Nikasoma juu chini: SEMA UMEKULA. TUTANUNUA NYINGINE.

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Sizya, ambaye aliwahi kufukuza kijana barazani kwa kuondoka na vifungo vitatu, ananiomba nijiite mwizi. Na alikuwa sahihi. Mwizi mmoja ni nyota moja imepungua. Mkweli mmoja ni nyumba sita.

"Ni kweli, Mwalimu," nikasema. "Nimekula."

Hawa Chiku, ambaye hakujua lolote, akashika mdomo.

Nilitegemea Mwalimu anitukane, nilitamani anitukane. Badala yake akavuta kiti cha wateja, kile ambacho hakuna anayekikalia siku hizi, akaketi na kushusha pumzi.

"Una shida gani, mama Idi?" akauliza. "Ungeniambia tu unataka kipande."

"Nisamehe Mwalimu."

"Aa, yameisha. Nunua lesi nyingine, nishonee upya, mtu asijue. Kamati nitawaambia rangi ilichuja." Akasimama kwa kushika meza, akapumzika kidogo, akacheka. "Siku hizi hata kutoka stendi hadi hapa nahema. Ndiyo uzee huo unabisha hodi."

Akainua mkono kuweka mkoba begani. Saa yake ikateleza. Ilitoka kwenye kifundo cha mkono ikashuka mpaka karibu na kiwiko, akairudisha bila kuitazama, kama mtu aliyeshazoea kuirudisha. Mkanda ulikuwa kwenye tundu la mwisho.

Alishafika ngazi ya pili ya baraza. Uongo ulikuwa umefanya kazi, jamani. Mratibu yuko kimya, Sizya ameshaanza kufuta meza. Ningekaa tu kwenye kiti changu ingekuwa imekwisha.

"Mwalimu, rudi!"

"Zamda," Sizya akasema kwa sauti, mara ya kwanza bila chaki. "Zamda, tafadhali."

"Nisamehe, Mzee Sizya. Nilishamvisha Malongo. Sirudii."

Nikalivuta gauni, nikachukua wembe, nikachana bitana kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Lesi ikafunguka. Tabaka moja, mbili, tatu, ile damu ya mzee ikamwagika mezani mpaka ikafunika chaki yote. Nikaunyoosha ule mkono wa gauni, ukawa mkono wa mwanamke mzima.

"Yadi zako sita hizi hapa," nikasema. "Sijala hata uzi."

Mwalimu alirudi pole pole. Akashika akiba, akaipima kwa vidole, moja mpaka nane. Akashika tumboni, akakuta hakuna akiba, pale nilikuwa nimetumia kitambaa chote. Nilimwona akifanya hesabu. Midomo ilikuwa inacheza kidogo, kama walimu wafanyavyo wanapokokotoa kichwani.

"Kitambaa ulikuwa nacho," akasema.

"Nilikuwa nacho."

"Na ukashona kidogo kusudi."

"Nilishona nilichopewa."

"Ulipewa nini?"

"Bi Zamda," Mratibu akasema, "unakumbushwa kifungu cha nne cha makubaliano ya kikundi."

Nikanyanyua uso nikaitazama ile simu. Miaka tisa imenilisha, siwezi kukataa. "Kumi na nusu," nikasema. "Mkono wako, Mwalimu, tarehe kumi na nne Agosti, utakuwa inchi kumi na nusu. Tumbo arobaini na tatu. Hiyo mashine inakusoma kila siku, inatupa sisi mwili utakaokuwa nao siku ile, na siku zote inapatia. Nenda hospitali. Nenda leo."

Mwalimu alikaa tena kwenye kile kiti.

"Nimewahi kumwona mtu wa umbo hilo," akasema. "Mikono hivi, tumbo hivi. Dada yangu Mbuke. Ini. Ulipojulikana zilikuwa zimebaki wiki tatu." Kisha akaigeukia simu, na akaongea nayo kwa ile sauti ya darasani. "Wewe. Unajua nina nini?"

"Mteja mpendwa," Mratibu akasema, "kifurushi chako ni cha mavazi. Taarifa za afya hazimo katika kifurushi hiki."

"Ulijua tangu Aprili."

"Kifurushi chako ni cha mavazi. Je, ungependa kusikia kuhusu vifurushi vingine?"

Hawa Chiku alianza kulia kwa sauti ndogo. Simu ikatoa mlio mrefu ambao sikuwahi kuusikia, ikatangaza kwamba akaunti ya kikundi imefungwa kwa ukiukaji wa masharti, ikatushukuru kwa kuwa sehemu ya familia ya Itakukaa, ikazima. Oda zilizokuwa zikisubiri zilizima nazo. Fundi mmoja, Mhoja, alikuwa na kanzu nusu iko chini ya sindano, akaitazama kama hajui tena ni ya nani.

Sikuthubutu kumtazama Sizya. Nilikuwa nafikiria Alhamisi, maana Alhamisi mkewe husafishwa.

Mwalimu alivua ile saa, akaiweka juu ya lesi. Akavua na sweta lake, akalikunja vizuri, akasimama mbele yangu na kuinua mkono wa kulia pembeni, sawasawa na watu walivyokuwa wakisimama zamani.

"Sasa nipime wewe," akasema. "Hizo namba ni za mashine. Mimi siendi kumwambia daktari nimeambiwa na mashine."

Futi yangu ya kupimia ilikuwa chini kabisa ya droo, chini ya spuli na vifungo vya miaka. Mpira wake umekakamaa. Niliizungusha kwenye mkono wake juu ya kiwiko, na ngozi yake ilikuwa ya moto. Fundi akipima hutaja namba kwa sauti na mwenzake huandika, ndivyo tulivyofundishwa, lakini sikujua kama nina mwenzangu tena pale barazani.

Nikasikia cherehani iliyonitazama ikisukumwa. Sizya akaja mezani, akasogeza lesi kwa kiganja mpaka pakaonekana weusi wa meza. Akashika chaki.

"Sema," akaniambia.

Mwezi wa nne ilikuwa kumi na tano. Nikaangalia mara mbili.

"Kumi na tatu na nusu," nikasema.

Sizya akaandika.

Mwalimu Nyamizi alizisoma zile tarakimu mezani. Mkono wake bado ulikuwa juu, haukushuka.

"Umeibana sana," akasema. "Pima tena."

Nikailegeza futi, nikaizungusha upya taratibu, kidole changu kimoja kikiwa katikati yake na ngozi, kama mama alivyonifundisha ili nisimwonee mtu. Nikapima tena.